Njoo, au Njooni?

Mpwa wangu alinikuta jikoni nachambua mchicha, akaniwekea simu mbele ya uso. "Shikamoo shangazi. Hebu soma hii, uniambie ni nini." Meseji yenyewe ilikuwa fupi: "Mambo. Jumamosi una ratiba? Tuonane basi, hata tunywe kahawa tu." Aliyeituma ni kijana aliyekutana naye kwenye mafunzo ya wiki mbili, mpole, wa ofisi nyingine kabisa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwaonyesha marafiki zake wawili. Mmoja alimwambia, "Anakutaka huyo." Mwingine akamwambia asijitekenye akacheka mwenyewe.

Swali hilo naulizwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wanaouliza si mabinti peke yao. Wavulana wananiuliza. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe miaka sita iliyopita aliniuliza kwa sauti ya chini, baada ya mzee wa kwaya kumwomba wakae pamoja wale chakula cha mchana. Wote wamebeba hofu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kwenda ukidhani unapendwa, kumbe mwenzako hana habari, uumbuke. Ya pili ni kwenda ukidhani ni urafiki, kumbe mwenzako amejiandaa wiki nzima, umuumize bila kukusudia. Hofu ya pili haizungumzwi sana, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Kabla hujaanza kupima dalili, mwelewe kwanza anayekualika. Zamani, na bado katika familia nyingi, kijana hakuibeba nia yake mdomoni mwake mwenyewe. Alikuwepo mshenga, mtu mzima mwenye maneno, aliyepeleka barua ya posa na kurudi na jibu. Jibu likiwa hapana, kijana hakuwa amesimama pale kulisikia, wala binti hakulazimika kulitamka akimtazama machoni. Mjumbe hauawi. Siku ya pili wawili hao walipishana njiani wakasalimiana kama kawaida. Naamini hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya mshenga, kuliko hata kubeba barua: kuwaachia watu njia ya kurudi nyuma bila yeyote kuumbuka.

Siku hizi mshenga huitwa mambo yakishaiva. Mwanzo wote vijana wanaufanya wenyewe, na kwa kuwa hakuna wa kuwabebea aibu, wameibebesha lugha. "Kahawa tu" ndiyo mshenga wao. Ukikubali, vizuri. Ukikataa, yeye alisema kahawa, hakusema kingine. Kwa hiyo usimkasirikie mtu kwa kukualika kwa mafumbo, wala usimwite mwoga. Mara nyingi anakuheshimu kiasi cha kutotaka kukubana. Na sisi ni watu wa kanga. Mwanamke wa pwani anaweza kupita mbele ya jirani yake akiwa amevaa neno zima kiunoni, ujumbe ukafika, na mdomo wake haujafunguka. Kusema kwa kuzunguka ni adabu tuliyolelewa nayo. Shida huanza pale mmoja anapozunguka na mwingine hajui kama kuna kinachozungukwa.

Hata hivyo Kiswahili kinapoficha huacha upenyo. Tazama wingi na umoja. Mtu akikuandikia "Jumapili njooni nyumbani", wewe ni mmoja wa wengi hata kama meseji imekuja kwako peke yako. Akisema "njoo", anazungumza nawe. Ndivyo ilivyo kwa "karibuni" na "karibu". Watu huteleza katika mambo mengi, lakini nimeona mara chache sana mtu akikosea hapo, kwa sababu kichwani mwake anaona ama meza ya watu wanane ama viti viwili.

Kisha sikiliza kama amesema "tuonane" au "nataka nikuone". Tuonane ni neno la kila mtu, la marafiki, la wafanyakazi, la mdai na mdaiwa. "Nataka nikuone" lina mtu mmoja anayetaka na mtu mmoja anayetakwa. Na hilo neno dogo "tu" lililomaliza meseji ya mpwa wangu, nimelisoma kwa makini kuliko meseji nzima. Fundi wako akikwambia mwonane Jumamosi akupe hesabu ya mabati, hamalizi na "tu". Rafiki yako wa siku zote akitaka kahawa anasema kahawa. "Tu" hutiwa pale mtu anapohisi kwamba alichosema kinaonekana kikubwa, akataka kukipunguza. Siyo ushahidi kamili, maana wapo wenye mazoea ya "nilikuwa nakusalimia tu" kwa kila mtu duniani. Lakini kwa mtu ambaye kawaida haongei hivyo, ukiliona, jiulize ni kitu gani anakipunguza.

Halafu anakuitaje? Hapa ndipo ninapowaambia watu wafungue masikio, kwa sababu majina ya undugu kwetu hufanya kazi mbili. Yanaheshimu, na pia yanaweka ua. Kijana anayekuita "dada" tangu mmejuana anakupa heshima na anakuonyesha mpaka. Siku anapoacha "dada" akaanza kukuita kwa jina lako, polepole, kama anayejaribu kina cha maji, ujue kuna kitu kimesogea. Upande wa pili ni huohuo. Mwanamke anayeingiza "kaka'angu" katikati ya mazungumzo yaliyoanza kupata joto, anafunga mlango kwa upole, na mwanaume mwenye akili hulisikia komeo. Nawasihi wanaume walisikie. Neno hilo limechaguliwa ili usiaibike.

Kuna jina moja linalomaliza ubishi wote, nalo ni "shemeji". Ukifika mahali, rafiki zake wakakukaribisha, "Shemeji, karibu, kaa hapa", basi wewe umekwisha kutajwa kwenye vikao ambavyo hukuwepo. Inawezekana mwaliko wake ulisema "tutakuwa wengi, usijali". Ni kweli wako wengi, ila kati yao wewe ndiye mgeni wa heshima. Dada yake akikuita "wifi" huku akicheka, vilevile. Watu wa pembeni hawana sababu ya kuficha anachokificha mwenyewe.

Mahali na saa nazo husema. Chukua kahawa yenyewe. Pwani, kahawa ya asili ni ile ya birika na makaa, muuzaji akigonganisha vikombe, wanaume wamekaa barazani na kashata na bao na siasa. Mtu hamwaliki binti huko. Kwa hiyo "kahawa" ya meseji ni ile ya mgahawa wenye viti vya kuegemea, ambako kikombe kimoja kinaweza kukaa mezani saa nzima, na hiyo saa nzima ndiyo anayoiomba. Saa saba mchana ya Jumatano, jirani na ofisi, ni chakula cha mchana. Saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi, upande wa mji ambao hakuna kati yenu anayeishi wala kufanya kazi, ni safari iliyofikiriwa. Mtu wa Kimara anayetaka muende Kigamboni, mpande mwendokasi mpaka Kivukoni, mvuke na pantoni, mkatembee ufukweni, ameshapanga siku yote na wewe umo ndani yake. Mihogo ya Coco siku ya Jumapili ni jambo jingine. Huko nusu ya Dar es Salaam inakwenda, na mwaliko wa "tupite Coco" unaweza kuwa ni wa mtu aliyechoka kukaa nyumbani.

Ukiwa Unguja au Lamu, hesabu hubadilika, na wageni kutoka bara hulikosea sana hili. Mahali ambapo mwanamke na mwanaume wasio ndugu hawakai pamoja hovyo, kuonekana wawili Forodhani jioni, sahani ya mishikaki katikati, kumekwisha kusema jambo kabla ya wao kusema. Huko mtu asiyekuwa na nia hatakualika peke yako. Na mwenye nia anaweza kukualika pamoja na dada yako mdogo, au akaja na mdogo wake wa kike, ili mtu yeyote asiweze kuwasema vibaya. Kwa hiyo usihitimishe kwamba uwepo wa mtu wa tatu umefuta nia. Wakati mwingine mtu wa tatu ndiye dalili, kwa sababu ameletwa kulinda jina lako.

Pesa inawachanganya watu kuliko yote. Wengi huja kwangu na hoja moja: "Lakini alilipa yeye." Kwetu aliyealika ndiye anayelipa, iwe shangazi, bosi, jirani au mtu uliyesoma naye. Kulipa soda na chipsi kuku hakujasema lolote. Walio Ujerumani au Uholanzi nao hukutana na kinyume chake, mtu anawaalika vizuri kabisa kisha kila mmoja analipa chake, wakarudi nyumbani wamevunjika moyo bure. Huko ni desturi, na nia yake itafute mahali pengine.

Nauli ndiyo yenye maneno zaidi. Tangu pesa zianze kutembea kwa simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, nauli imekuwa lugha ya mapenzi yenye sarufi yake. Anayekutumia nauli kabla hujaomba, akaweka na ya kutolea ili isipungue njiani, amekaa chini akaifikiria safari yako kituo kwa kituo. Hilo ni zito kuliko bili ya chakula, kwa sababu bili hulipwa mbele za watu na nauli hutumwa mtu akiwa peke yake chumbani kwake. Lakini nitasema jambo moja bila kuzunguka. Nauli uliyotumiwa ni nauli. Sahani uliyonunuliwa ni sahani. Hakuna kati ya hivyo kinachomnunua mtu, na yeyote atakayekukumbusha mezani kwamba amegharamika, amekwambia anachokutakia. Inuka. Na wewe unayepokea nauli ukijua huna mpango wa kwenda, irudishe. Kula nauli ya mtu kumekuwa jambo la kuchekewa kuanzia Mwanza hadi Mombasa, lakini yule aliyekusubiri kituoni kwa saa mbili na nguo yake nzuri hacheki.

Mimi namjua mtu aliyesubiri. Nilikuwa na miaka 24, ofisi yangu ya kwanza, mtaa wa Posta. Mwenzangu wa meza ya jirani aliniambia kwenye korido, "Jumamosi nakwenda Sabasaba. Kama una nafasi, twende." Maonyesho yalikuwa yamefunguliwa siku mbili tatu hivi, na mji wote ulikuwa unaelekea Barabara ya Kilwa. Aliniuliza nitatoka nyumbani saa ngapi. Aliniuliza kama nimewahi kuona simba kwenye banda la Maliasili. Dalili zote nilizowaandikia hapo juu zilikuwepo, na nilizisoma vizuri, kwa sababu nilikuwa nimempenda tangu mwaka ule ulipoanza. Ndiyo maana niliogopa. Nilijiambia, je, kama ni matembezi tu, nikafika nimejipamba, atanionaje? Nikaamua kujikinga. Nikaenda na rafiki yangu.

Tulimkuta langoni. Shati lake la bluu la mikono mirefu lilikuwa limepigwa pasi mpaka mstari wa mkononi umesimama, na jua lote lile la saa tano. Mkononi alikuwa na tiketi mbili. Alimtazama rafiki yangu, akazitazama tiketi, akatabasamu, akasema, "Ngoja niongeze moja," akarudi mwisho wa foleni. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama nikiutazama mgongo wake, jasho likichora duara katikati ya mabega kwenye lile shati, na bado ningeweza kumfuata nikamwambia neno. Sikumfuata. Tulizunguka mabanda watu watatu. Alinunua soda tatu. Jioni kwenye kituo cha daladala alituaga, "Asanteni kwa kuja," na Jumatatu ofisini akaniita dada, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Hakuniita tena kwa jina langu. Baada ya miaka miwili nilipokea kadi ya mchango wa harusi yake, nikachanga kama wafanyakazi wenzangu wote.

Ninachowaambia wote wanaoniuliza kimetoka pale langoni. Dalili zisome, lakini zikishakufikisha mahali unapohisi kuna kitu na bado huna hakika, uliza. Uliza kabla ya kwenda, siyo kwa kumleta mtu wa tatu kimyakimya, wala kwa kujifanya huelewi mpaka mwenzako achoke. Kuuliza hakukufanyi uonekane unajipendekeza, ukiuliza kama mtu anayejipanga. Lugha yetu ina maneno ya upole kwa kazi hiyo. Anza na jepesi: "Na wenzetu wa mafunzo wanakuja?" Mtu mwenye meza ya watu wanane atakutajia majina. Mwenye viti viwili atasita, kisha atasema "hapana, mimi na wewe", na hapo umepata jibu bila yeyote kutokwa na jasho. Likibaki na ukungu, sogea hatua moja: "Nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Tunakwenda kama marafiki, au una lako unalotaka kuniambia? Lolote kwangu ni sawa, nataka nijue nijipange vipi." Soma sentensi hiyo kwa sauti. Ina njia ya kurudi nyuma ndani yake, kama ile ya mshenga. Akitaka kusema ndiyo, umemfungulia. Akitaka kusema hapana, hajaaibika, na wewe hukukiri kitu.

Nakuomba usiulize kupitia kwa marafiki zake. Mshenga alikuwa mtu mzima anayejua kunyamaza. Rafiki wa siku hizi ana kundi la WhatsApp.

Jiandae pia kwa jibu la tatu, ambalo watu hawalitarajii. Wapo wanaoalika na wenyewe hawajui. Amekupenda kidogo, hajakujua, anataka akae nawe asikie moyo wake unasema nini. Akikujibu hivyo kwa uwazi, usimwone kigeugeu. Ni jibu la kweli, na kukutana kwa namna hiyo kuna uhuru wake, maana hakuna anayedaiwa kitu mwisho wa jioni.

Na wewe unayealika, mzigo ni wako zaidi. Unajua moyoni mwako unachotaka, kwa nini mwenzako alazwe macho akihesabu maneno yako? Huhitaji kutangaza posa. Sema, "Ningependa tukae sisi wawili, nikufahamu zaidi. Kama hupendi, niambie tu, tutabaki kama tulivyo." Kisha litimize hilo la mwisho. Akikataa, salamu zako za Jumatatu ziwe zilezile. Nimewaona wanaume wazuri wakiharibu jina lao siyo kwa kukataliwa, ila kwa walivyofanya wiki iliyofuata: kununa, kufuta namba, kumsema kwa wenzao. Na wanawake nanyi mnaweza kualika. Mnafanya hivyo tayari, mnasema "sijala tangu asubuhi" na mnangoja. Mwambie unataka mwende mkale. Hakuna aliyekufa.

Ukigundua mkiwa mezani tayari kwamba mwenzako alikuja na nia ambayo wewe huna, usikimbilie simu wala usijifanye hujaona. Mwambie mapema, kabla hajaagiza cha pili: "Nashukuru kwa kunialika, nakuheshimu sana. Ila mimi nakuchukulia kama kaka yangu, na sitaki nikupotezee muda." Inauma kwa dakika tano. Ikiachwa wiki tatu ndipo inapogeuka kuwa kisa cha "alinizungusha". Na kama umealikwa na mtu ambaye huna uhakika kama ana mke au mume, hilo liulize la kwanza kabisa, waziwazi, bila mafumbo. Akijibu kwa kicheko, umejibiwa.

Sasa kuna mwaliko ambao siupimi kwa dalili hizi, kwa sababu hauna upole wowote ndani yake. Mahali pa kukutania panabadilika ukiwa njiani, mgahawa umekuwa "pita kwanza geto nichukue kitu", au hoteli ya chakula imekuwa gesti. Mtu aliyepanga vizuri hahamishi mahali dakika ya mwisho kwenda penye mlango wa kufunga. Mwambie mtakutana palepale mlipokubaliana, la sivyo siku nyingine. Kila unapokwenda kwa mara ya kwanza kukutana na mtu, mwachie ndugu au rafiki jina la mahali na jina la mtu, na hata kama ametuma nauli ya kwenda, nauli ya kurudi iwe yako, taslimu, mahali unapoweza kuifikia bila kufungua simu.

Bosi, mwalimu, au mtu anayeshika ajira yako au alama zako akikualika chakula cha jioni mkazungumzie "maendeleo yako", hapo hakuna kuuliza ni mtoko au si mtoko. Ana uwezo wa kukunyima kitu, kwa hiyo hapana yako haiko huru. Mwombe mzungumzie ofisini saa za kazi. Akifungamanisha cheo, kazi au matokeo na mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Meseji zake usizifute hata zikikuchefua, ndizo ushahidi wako.

Mchicha ulikuwa umeshaoshwa nilipomaliza kumwambia mpwa wangu haya yote, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, simu mapajani. "Shangazi, sasa niandikeje?" Nikamwambia aandike anavyoongea. Alifuta mara tatu. Mwisho alituma hivi: "Jumamosi nipo. Ni sisi wawili, au na wale wengine wa mafunzo? Nijipange tu." Nikamwambia, na wewe umeweka "tu" yako humo. Akainama akacheka, akageuza simu ikatazama chini.

Jibu lilikuja tumeshakula. Alilisoma kimya kwanza, kisha akanisomea. "Sisi wawili. Kusema kweli bado sijui ni kitu gani, ila nilipenda tulivyokuwa tunaongea, nikaona tukae tuone. Kama hujisikii, hakuna shida kabisa."

Jumamosi alitoka saa kumi. Alivaa viatu vya chini, kwa sababu alikwenda kukaa na kuona. Aliniachia jina la mgahawa kwenye karatasi juu ya friji, na ndani ya kava la simu yake aliweka elfu kumi ya bajaji ya kurudia.